Kila mwendesha baiskeli apewe jina la afisa mmoja aliyefia kazini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe pendekezo moja kwa wote wanaoandaa, au wanaofikiria kuandaa, misafara ya baiskeli ya hisani kwa ajili ya familia za maafisa wa polisi waliofia kazini. Hivi majuzi nilishiriki katika msafara mmoja wa aina hiyo, ulioanzia upande wa Lang'ata, ukapitia Ongata Rongai na Kiserian, ukateremka Barabara ya Magadi hadi Olepolos, kisha ukarudi Nairobi kwa njia ile ile. Hapakuwa na mdhamini mkubwa wala kamera za televisheni. Walikuwapo waendeshaji wa kawaida wa wikendi, maafisa kadhaa wa polisi waliokuwa mapumzikoni, walimu, wafanyakazi wa benki, kijana mmoja anayepelekea watu chakula majumbani kwa baiskeli ambaye alikuja na sanduku lake la kazi mgongoni, na jamaa za marehemu waliotungoja Olepolos baada ya kuletwa na matatu ya kukodi. Mchango ulikusanywa, chai ikanywewa, watu wakarudi makwao salama. Waandaaji wanastahili shukrani, nami nimeshawapa ana kwa ana, kwa hiyo sitarefusha hapo.

Pendekezo langu ni kwamba katika msafara ujao mtu yeyote asiondoke mwanzoni kabla ya kupewa jina la afisa mmoja, cheo chake, kituo alichokuwa akihudumu na mwaka aliofariki, na kwamba alibebe jina hilo mahali linapoonekana mpaka mwisho wa safari. Asibebe majina kumi, wala neno la jumla la "mashujaa wetu". Abebe jina moja, la mtu mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu nililiona jambo lenyewe likifanyika nusunusu. Waandaaji walitupa fulana za samawati zenye maandishi ya kuwaenzi maafisa waliotangulia mbele ya haki, fulana nzuri tu, ambazo baada ya kufuliwa mara kadhaa zitakuwa nguo za kulalia. Lakini sajini mmoja mstaafu, ambaye umri haujamzuia kupanda mlima kuwashinda vijana, alikuwa amekuja na bahasha ya kadi alizozichapisha kwa pesa zake mwenyewe na kuzitia plastiki ili zisiloe jasho wala mvua. Kila kadi ilikuwa na jina la afisa aliyewahi kufanya kazi naye au aliyezikwa katika kaunti yake ya nyumbani. Aliwagawia waliokuwa karibu naye mpaka zikaisha, na waliobaki wakaondoka na fulana zao tu. Yangu aliifunga mwenyewe kwenye usukani kwa vile vijikamba vya plastiki ambavyo mafundi wa umeme hutumia kushikanisha nyaya. Ilikuwa ya koplo aliyekufa gari lao lilipokanyaga kilipuzi katika kaunti ya Mandera. Jina lake silitaji hapa kwa sababu familia yake haijaombwa ruhusa ya kulichapisha gazetini, na juu ya ruhusa nitasema zaidi baadaye.

Tofauti kati ya fulana na kadi ilijitokeza kabla hatujafika mbali. Pale Kiserian tulisimama kando ya barabara kumsubiri mwenzetu aliyepata pancha, na wakati tyubu ikitolewa, mwendeshaji bodaboda mmoja aliyekuwa akingoja abiria alisogea, akaisoma kadi yangu kwa makini, akaniuliza:

"Mkubwa, huyu ni ndugu yako?"

Nikamjibu kwamba si ndugu yangu na wala sikuwahi kumwona.

"Basi mbona umembeba?"

Nilimweleza, kwa kifupi kadiri tyubu ilivyoniruhusu, koplo yule alikuwa nani na alikufaje. Akaniuliza Mandera ni mwendo wa siku ngapi kwa basi. Akaniuliza kama aliacha watoto. Mwenzake naye akaja, akauliza maswali yale yale na mengine mawili juu ya mishahara ya polisi ambayo sikuweza kuyajibu kwa heshima. Wakati wote huo hakuna aliyeuliza neno lolote kuhusu maandishi ya fulana, ingawa walioivaa tulikuwa wengi na herufi zake zilikuwa kubwa mara kumi kuliko za kadi. Mkenya ameona fulana za samawati, nyekundu, manjano na za kila rangi zikitangaza kila jambo, na macho yake hayasimami tena hapo. Jina la mtu humlazimu aulize, na anayeulizwa analazimika kujua cha kusema.

Wanaoijua barabara ile wanajua pia kwamba kwenda ni raha na kurudi ni kazi. Kutoka Corner Baridi baiskeli hushuka yenyewe kuelekea Kisamis, upepo ukivuma masikioni na Bonde la Ufa likifunguka mbele yako, na wakati wa kurudi mteremko ule ule hukudai kila ulichokula asubuhi. Katika mwinuko huo mtu hainui kichwa kutazama mandhari. Hutazama kilicho kati ya mikono yake. Mimi nilitazama kadi. Niliisoma mpaka nikawa naijua kwa moyo, pamoja na kosa dogo la chapa katika jina la kituo, na nikawa najiuliza mambo ambayo taarifa ya habari ya saa moja haikuwahi kunipa nafasi ya kujiuliza: kama alikuwa dereva au alikaa nyuma, kama alikuwa amebakisha muda gani apate likizo, ni nani aliyepiga simu nyumbani kwao na simu hiyo ilipokewa na nani.

Huko Olepolos kulikuwa na jambo jingine ambalo waandaaji wanapaswa kulisikia, hata kama halifurahishi. Baiskeli zilikuwa zimeegemezwa ukutani kwa safu, na mama mmoja, mwenye leso mbili na mkoba uliokuwa na picha ya mwanawe ndani ya bahasha ya kaki, alipita kutoka ya kwanza hadi ya mwisho akiinama kusoma kila kadi. Alikuwa amesikia kwamba kuna majina. La mwanawe halikuwapo, kwa sababu sajini hakuwahi kufanya kazi naye wala hawakutoka kaunti moja. Hakulalamika, aliuliza tu kama kadi zote zilikuwa zimekwisha. Kama majina yangekusanywa na kamati yenyewe, wiki kadhaa kabla ya safari, mama huyo asingefunga safari ya kuja kulikosa jina alilokuja kulitafuta.

Mtu asidhani kwamba wazo hili nimelitunga mimi au sajini wangu. Mnamo Mei 1997 afisa mmoja wa polisi wa mji mdogo wa Florham Park katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, Patrick Montuore, aliandaa safari ya baiskeli ya siku nne hadi Washington, kwenye kumbukumbu ya kitaifa ya maafisa wa usalama waliofia kazini. Walikuwa waendeshaji 18, na walikusanya takriban dola 18,000. Safari hiyo, iitwayo Police Unity Tour, hufanyika kila mwaka hadi leo na huwavuta zaidi ya waendeshaji elfu moja, nayo hupangwa ili wafike Washington katika juma lenye tarehe 15 Mei, siku ambayo tangu mwaka wa 1962, enzi za Rais John F. Kennedy, sheria ya nchi hiyo imeitenga kwa kuwakumbuka maafisa hao. Kumbukumbu yenyewe ilizinduliwa mwaka wa 1991, ni kuta za marumaru zilizochongwa majina zaidi ya 20,000, mengine ya karne ya 18, na kila mwaka majira ya Mei majina mapya huongezwa. Mwendeshaji huvaa mkononi bangili yenye jina la afisa mmoja, na ndiye anayemwendeshea.

Sina haja ya kuwaomba Wakenya wenzangu waige ukubwa wa mambo hayo, kwa maana hatuna dola hizo wala barabara hizo, na sisi tuna namna zetu za kuchangiana ambazo hazijahitaji mwalimu kutoka nje. Jiji hili limekimbia miaka mingi katika Mater Heart Run ili watoto wapasuliwe moyo, na harambee imesomesha watu wengi kuliko benki yoyote. Kinachofaa kuazimwa ni ile bangili, ambayo gharama yake haizidi ya kadi ya sajini.

Na sisi tuna sababu ya ziada ya kuihitaji, kwa sababu tumezoea kuwataja maafisa wetu waliokufa kwa idadi na kwa jina la mahali. Novemba 2012, katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya maafisa 40 waliuawa katika shambulizi la kuviziwa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa, wengi wao wakiwa vijana ambao hata buti za mafunzo zilikuwa hazijalainika. Siku hizi tukitaka kulitaja tukio hilo tunasema "Baragoi" na kila mtu anaelewa. Mwaka wa 2014, maafisa wengine walipouawa huko, tukajifunza kusema "Kapedo". Juni 2019 maafisa waliokuwa wakiwafuatilia magaidi waliowateka nyara askari wa akiba huko Konton, kaunti ya Wajir, walilipuliwa wakiwa ndani ya gari lao, nasi tukaongeza "Konton" katika orodha. Februari 23, 2025 afisa wa kwanza wa Kenya aliuawa nchini Haiti, katika eneo la Artibonite, na kwa siku chache jina lake lilitajwa sana kwa sababu alikuwa mmoja na alikufa mbali. Mtu akiuliza majina ya walioangamia Suguta, hata matatu tu kati ya hayo zaidi ya 40, tutatazamana.

Anayepita Kenyatta Avenue ataona sanamu ya Waafrika watatu wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyosimamishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920. Maandishi yake yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na juu ya jiwe lote hakuna jina hata la mmoja wao. Ukitembea dakika chache kutoka hapo hadi makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, katika bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, unakuta ukuta wenye majina ya watu zaidi ya 200 waliouawa katika shambulizi la bomu la 1998. Nimewaona watu wakigusa jina kwa kidole. Mbele ya ile sanamu nimeona watu wakipigana picha, na siwalaumu, kwa kuwa hawajapewa kitu cha kugusa.

Sasa, ikiwa kila mwendeshaji atapewa jina, swali gumu litakuwa ni majina ya nani yaingie, na hapa naomba kamati isifanye haraka. Wa kwanza kuingia bila ubishi ni waliouawa na majambazi, magaidi na wezi wa mifugo. Waingie pia maafisa wa trafiki waliogongwa na lori usiku kwenye kizuizi, na waliokufa gari la kituo lilipobingirika wakikimbilia tukio, ambao vifo vyao havikuwahi kutangazwa kwa sauti nzito. Kisha kuna askari wa akiba. Huyu ni mtu wa Baringo, Turkana, Samburu au Marsabit anayepewa bunduki na serikali ili alinde kijiji chake na mifugo yake, hana mshahara wa afisa wa kawaida wala pensheni yake, na kwa sababu anajua kila bonde na kila kisima, ndiye anayetangulizwa kuonyesha njia wakati wa msako. Anayetangulia njiani ndiye anayepigwa risasi ya kwanza. Nikiulizwa ni orodha gani ianze kuandikwa, nitasema ya hawa, kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi zaidi kupotea: mkewe hana nambari ya ajira ya marehemu, hana nyumba katika laini ya polisi, na aghalabu hakuna picha ya mumewe akiwa na sare.

Wapo pia waliojiua. Najua kwamba kuna wasomaji watakaokunja uso hapa, na ndani ya msafara wetu wenyewe mada hii ilizua mabishano ya kirafiki yaliyodumu kutoka Kisamis hadi Kiserian kwa wale waliokuwa na pumzi ya kubishana. Afisa mmoja alishikilia kwamba aliyejitoa uhai hawezi kuandikwa pamoja na aliyeuawa na adui. Mwenzake, aliyewahi kuokota miili ya wanafunzi na akarudishwa zamu kesho yake bila hata siku moja ya kupumzika, alimjibu kwamba adui wengine hawana bunduki. Kikosi kazi kilichoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, ambacho kilimkabidhi Rais ripoti yake Novemba 2023, kililipa suala la ustawi na afya ya akili ya maafisa uzito wake, kwa hiyo si jambo la kunong'onezana tena. Rai yangu ni kwamba familia ndiyo iamue. Ikitaka jina la mtu wao lisomwe, lisomwe kwa cheo, kituo na mwaka kama mengine yote, bila kuongeza maelezo. Isipotaka, jambo hilo liishie hapo.

Na hii ndiyo sababu ya ruhusa niliyoitaja mwanzoni. Kuna mjane ambaye amejenga maisha upya na hataki jina la marehemu litembezwe barabarani. Kuna wazazi ambao bado wana kesi ya mirathi na upande mwingine wa familia. Kuna afisa aliyekuwa akifanya upelelezi wa siri, ambaye kutangaza kituo chake kunaweza kuwaweka jamaa zake hatarini. Simu moja kwa kila familia, ikifuatwa na ziara pale inapowezekana, haitaumaliza muda wa mtu, na itazuia yale tunayoyaona katika misiba mingi ya Kenya, ambapo mwenye msiba hukaa nyuma ya hema akimsikiliza mwanasiasa.

Nije sasa kwenye jambo ambalo wasomaji wengi, hasa vijana, wamekuwa wakilingoja tangu waone neno "polisi" mwanzoni mwa barua hii. Juni 25, 2024 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na polisi wakafyatua risasi. Makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya miezi ile, wengine wakatoweka, na hadi leo wapo wazazi wanaozunguka mahakamani na katika ofisi za mamlaka huru ya kuchunguza mienendo ya polisi, IPOA. Siku hiyo hiyo ya Juni 25 ndiyo kundi la kwanza la maafisa wetu lilitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Vipi basi mtu wa Nairobi ataombwa aendeshe baiskeli kwa heshima ya polisi?

Swali hili halikuwa la kinadharia kwetu. Kati yetu alikuwapo binti wa chuo kikuu ambaye rafiki yake alipigwa risasi ya mguu katika maandamano yale na anatembea kwa mkongojo mpaka leo. Mwenye kovu usidhani amepoa, nami sikutegemea kumwona pale. Nilipomuuliza, alisema asingekuja kama ingekuwa ni kutembea nyuma ya bango la idara, lakini kadi aliyopewa ilikuwa ya konstebo mwenye umri wa miaka michache tu kumzidi, na konstebo huyo hakuwa na deni lolote kwake. Alisema pia kwamba siku majina ya vijana waliouawa yatakaposomwa, anatumaini atawaona baadhi ya maafisa waliokuwa nasi siku ile. Aliyasema mbele yao, na hakuna aliyemkatiza.

Nadhani binti huyo aliufahamu mpango huu kuliko waliouandaa. Idara nzima haiwezi kuheshimiwa kwa jumla bila kuwaficha ndani yake waliotenda maovu, na hicho ndicho kinachowafanya watu wazikatae sherehe kama hizi. Mtu mmoja mwenye jina, kituo na mwaka hawezi kumficha mwingine. Koplo wa Mandera hakuwapo Nairobi Juni 2024. Alikuwa amekufa zamani. Kumkumbuka hakumwondolei IPOA faili hata moja, na anayetaka kulitumia jina lake kuziba kesi ya mtu mwingine atakuwa anamdhulumu yeye kwanza. Kwa hiyo pasiwe na mgeni rasmi. Pasiwe na hotuba ya kutetea idara wala ya kuishambulia. Kama mkubwa wa polisi anataka kuja, na aje na baiskeli, apewe kadi kama mwingine yeyote, na apande Corner Baridi.

Kuhusu fedha, kuna hatari mbili. Ya kwanza inajulikana na kila aliyewahi kuchanga Kenya: nambari ya mchango inatangazwa, pesa zinaingia, kisha kimya. Dawa yake ni hesabu kubandikwa wazi katika mwezi unaofuata, zilizoingia na zilizotoka, nami sioni haja ya kulieleza zaidi. Ya pili haijulikani sana. Hisani isije ikachukua nafasi ya haki. Familia ya afisa aliyefia kazini haiombi sadaka. Ina madai halali. Kuna bima ya maisha ya kundi, kuna pensheni, na kuna fidia chini ya sheria ya mwaka wa 2007 ya majeraha ya kazini, ambayo kipimo chake ni mapato ya miezi 96. Mjane mwenye karatasi zote na mwenye bahati hupata haki yake. Lakini kati ya siku ya mazishi na siku ya malipo kuna kipindi kirefu cha cheti cha kifo, barua ya chifu, cheti cha ndoa ambacho wengi hawakukichukua kwa kuwa walioana kimila, na shauri la mirathi mahakamani, ambalo hurefuka pindi mke wa pili anapojitokeza. Katika kipindi hicho hicho mshahara umesimama, nyumba ya kituoni inahitajika na afisa mwingine, na shule inafunguliwa.

Hapo ndipo mchango wa waendesha baiskeli unaweza kufanya kazi ambayo mamilioni yanayokuja baadaye hayawezi kuifanya. Karo ya muhula mmoja ilipwe moja kwa moja kwa shule. Kodi ya nyumba ilipwe kwa miezi michache ya mwanzo. Ilipwe nauli ya kutoka Lodwar au Garissa hadi Nairobi na kurudi, kwa mjane anayeambiwa kwamba faili yake imekosa sahihi moja, na atafutwe wakili wa kujitolea atakayesimama naye mahakamani. Kiasi kidogo kikitolewa mapema kwa familia chache zinazojulikana kwa majina kitafaa kuliko hundi kubwa ya kadibodi inayokabidhiwa mbele ya wapiga picha. Na kwa kuwa kila mwendeshaji atakuwa amebeba jina, atakuwa pia na haki ya kuuliza, miezi sita baadaye, kama watoto wa jina lake wako shuleni. Sijui njia bora kuliko hiyo ya kuwafanya wenye hazina wawe waangalifu.

Juu ya usalama wa njiani nina machache. Safari ianze alfajiri kabla matatu hazijaamka vizuri. Kofia ngumu iwe lazima na asiyekuwa nayo abaki. Gari la wagonjwa lifuate nyuma, na fundi mwenye tyubu za akiba asikose, maana tulipoteza muda mwingi pale Kiserian kwa kutafuta pampu yenye mdomo unaofaa. Wasiopenda mlima wa Magadi wapangiwe njia fupi katika Msitu wa Karura, ili na watoto wa marehemu waweze kuendesha. Barabara isifungwe kwa ving'ora. Mtu aliyecheleweshwa kazini na ving'ora vyetu hatakuwa na hamu ya kuuliza jina lililo kwenye kadi.

Tarehe inayofaa, kwa maoni yangu, ni Jumapili iliyo karibu kabla ya Mashujaa Dei, Oktoba 20, lakini kazi ya majina haiwezi kungoja hadi Septemba. Ombi langu kwa waandaaji ni kwamba waanze sasa kwa kuandikia vituo, vyama vya maafisa wastaafu, makasisi na maimamu wanaowahudumia polisi, na machifu wa maeneo ya kaskazini, kwa kuwa familia ya askari wa akiba wa Suguta au Kapedo haipatikani kwa simu moja, na huenda ikahitajika mtu aende huko kwa miguu. Sajini ameshakubali kutoa bahasha yake iwe mwanzo wa orodha. Jina la kwanza la kuongezwa ni la mwana wa yule mama wa Olepolos, ambaye aliacha nambari yake ya simu kwa mweka hazina kabla ya kupanda matatu, na ambaye, kufikia siku ninapoandika barua hii, alikuwa bado hajapigiwa.

Mwendesha baiskeli,
Lang'ata, Nairobi